Margaret Sanger: Muuguzi aliyekubali jela kutetea uzazi wa mpango

ASUBUHI ya Oktoba 16, mwaka 1916, foleni ndefu ya wanawake ilijipanga nje ya nyumba namba 46, Mtaa wa Amboy, katika kitongoji cha Brownsville, Brooklyn, jijini New York, Marekani. Wengi wao walikuwa wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitalia waliokuwa wakiishi kwa kipato kidogo. Baadhi walibeba watoto wachanga mikononi, wengine walikuja wakisukuma vigari vya watoto.

Kila mmoja alitakiwa kulipa senti 10. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya kuingia ndani, kuketi mbele ya muuguzi na kuelezwa jambo moja ambalo sheria ya nchi ilikataza lisielezwe: namna ya kuzuia mimba.

Kliniki hiyo, ya kwanza ya uzazi wa mpango nchini Marekani, haikudumu. Oktoba 26 polisi waliivamia, wakachukua vifaa na kumbukumbu za wateja, na kumtia mbaroni mwanzilishi wake, muuguzi Margaret Sanger, aliyekuwa na umri wa miaka 37. Katika siku hizo chache wanawake 464 walikuwa wamekwishaandikishwa katika daftari.

Ni zaidi ya miaka 100 sasa tangu siku hiyo. Leo mwanamke anayeingia katika zahanati ya Serikali kuomba vidonge vya majira, sindano au kitanzi, au kupima magonjwa ya zinaa, hafikirii kama anachokifanya kiliwahi kuwapeleka watu jela. Habari za Margaret Sanger zinaonyesha jinsi haki hiyo ilivyopatikana kwa gharama kubwa. Zinaonyesha pia kuwa hata aliyeipigania hakuwa mtu asiye na doa.

Binti wa mchonga mawe

Margaret Louise Higgins alizaliwa Septemba 14, mwaka 1879, katika mji mdogo wa Corning, Jimbo la New York. Baba yake, Michael Higgins, mhamiaji kutoka Ireland, alikuwa fundi wa kuchonga mawe ya makaburi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na fikra huru, aliyependa mijadala ya siasa kuliko kutafuta fedha.

Mama yake, Anne, alikuwa Mkatoliki. Katika ndoa yake alibeba mimba 18 na kuzaa watoto 11 walioishi. Margaret alikuwa wa sita. Mama huyo, aliyekuwa akiugua kifua kikuu kwa miaka mingi, alifariki dunia mwaka 1899 akiwa bado na umri wa takriban miaka 50. Mumewe aliishi miaka mingi baada yake.

Kifo hicho kilimwachia Margaret jeraha lisilopona. Katika maisha yake yote aliamini kuwa mama yake aliuawa na mimba zilizofuatana bila kupumzika, sawasawa na alivyouawa na kifua kikuu.

Kwa msaada wa dada zake wakubwa alipata elimu ya sekondari, kisha akajifunza uuguzi katika hospitali ya White Plains. Kabla hajamaliza mafunzo, mwaka 1902 aliolewa na William Sanger, msanifu majengo. Walijaliwa watoto watatu, wavulana wawili, Stuart na Grant, na binti mmoja, Peggy.

Baada ya miaka michache ya maisha ya utulivu nje ya mji, familia ilihamia jijini New York, ambako Margaret alirejea katika kazi ya uuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani. Hapo ndipo maisha yake yalipobadilika.

Vifo katika vyumba vya maskini

Eneo la Lower East Side lilikuwa limefurika wahamiaji. Familia yenye watoto sita au saba iliishi katika chumba kimoja au viwili, bila hewa wala mwanga wa kutosha. Sanger aliitwa mara kwa mara kuwazalisha akina mama, lakini pia aliitwa kuwahudumia waliojaribu kutoa mimba wenyewe kwa vitu vyenye ncha kali au kwa kunywa sumu.

Kisa alichokisimulia mara nyingi baadaye ni cha mwanamke aliyemwita Sadie Sachs, mama wa watoto watatu, aliyenusurika kufa mwaka 1912 baada ya kujaribu kutoa mimba. Alipomuuliza daktari afanye nini asipate mimba nyingine, daktari alimjibu kwa mzaha kuwa amwambie mumewe akalale juu ya paa. Miezi michache baadaye mwanamke huyo alijaribu tena, na safari hii alifariki dunia.

Baadhi ya wanahistoria wanaamini kuwa huenda Sanger aliunganisha habari za wanawake kadhaa katika kisa hicho kimoja. Hata hivyo, hali aliyoieleza haikuwa ya kubuni. Vifo vya namna hiyo vilikuwa vya kawaida katika mitaa ya maskini.

Jambo lililomkera zaidi ni kuwa mwanamke tajiri aliweza kunong'onezwa na daktari wake binafsi kuhusu njia za kuzuia mimba, wakati mwanamke maskini aliyeuliza swali hilo hilo alirudi nyumbani mikono mitupu.

Safu iliyobaki tupu

Kikwazo kikubwa kilikuwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1873, maarufu kwa jina la Sheria ya Comstock, kutokana na mtetezi wake mkuu, Anthony Comstock. Sheria hiyo ilipiga marufuku kusafirisha kwa posta maandishi yoyote ya matusi, na ikaingiza katika kundi hilo hilo kifaa chochote cha kuzuia mimba pamoja na maelezo ya namna ya kukitumia. Comstock mwenyewe alipewa mamlaka ya mkaguzi maalumu wa posta.

Mwaka 1912 Sanger alianza kuandika katika gazeti la kisoshalisti la New York Call mfululizo wa makala kuhusu elimu ya jinsia kwa wasichana. Mapema mwaka 1913 alipofikia magonjwa ya zinaa na kuyataja kaswende na kisonono kwa majina yake, mamlaka ya posta ilizuia makala hiyo. Wasomaji walikuta kichwa cha safu kikiwa peke yake, na chini yake taarifa kuwa posta imeamuru pasiwepo kitu.

Wakati huo kipimo cha damu cha kubaini kaswende kilikuwa kimekwishagunduliwa nchini Ujerumani mwaka 1906 na August von Wassermann na wenzake. Sayansi ilikuwa tayari, lakini msichana wa kawaida angewezaje kwenda kupima ugonjwa ambao gazeti halikuruhusiwa kumweleza habari zake?

Sanger hakurudi nyuma. Machi 1914 alianzisha jarida lake mwenyewe, The Woman Rebel, na ni katika mwaka huo yeye na wenzake walipoanza kutumia msemo wa Kiingereza wenye maana ya udhibiti wa uzazi, ambao baadaye ulienea duniani kote. Agosti mwaka huo alifunguliwa mashtaka yaliyoweza kumfikisha katika kifungo cha miaka mingi.

Badala ya kusimama kizimbani, alitorokea Uingereza kwa jina la bandia. Kabla ya kuondoka alikuwa ameandaa kijitabu kiitwacho Family Limitation, kilichoeleza waziwazi njia zote za kuzuia mimba zilizojulikana wakati huo. Nakala 100,000 zilichapishwa kwa siri na kusambazwa mikononi mwa wafanyakazi.

Uhamishoni na msiba

Akiwa Ulaya, mwaka 1915 Sanger alizuru Uholanzi, ambako kliniki za uzazi wa mpango zilikuwa zikifanya kazi bila kificho. Daktari Johannes Rutgers wa mji wa The Hague alimfundisha namna ya kumpima mwanamke na kumpatia kifuniko cha mpira kinachoziba mlango wa kizazi, chenye ukubwa unaomfaa.

Hapo aling'amua kuwa kijitabu peke yake hakitoshi. Mwanamke alihitaji mahali pa kwenda, mtu mwenye utaalamu wa kumpima na kumsikiliza, na faragha. Wazo la kliniki lilizaliwa huko.

Nyumbani Marekani, mumewe ambaye walikuwa wamekwishatengana alitegwa na kachero wa Comstock aliyejifanya rafiki akiomba nakala ya kijitabu. William Sanger alihukumiwa kulipa faini au kwenda jela siku 30, naye akachagua jela. Comstock alifariki dunia Septemba 1915, muda mfupi baada ya kesi hiyo.

Margaret alirejea Oktoba mwaka huo akiwa tayari kukabili mashtaka yake. Wiki chache baadaye, Novemba 6, binti yake Peggy alifariki kwa ugonjwa wa kichomi akiwa na umri wa miaka mitano. Msiba huo ulimwandama hadi uzeeni, hasa kwa kuwa alikuwa ameishi mbali na mtoto huyo kwa karibu mwaka mzima.

Huruma ya umma ilimwelemea. Februari 1916 Serikali ilifuta mashtaka, ikihofia kumfanya shujaa. Miezi minane baadaye alifungua kliniki ya Brownsville.

Mgomo wa kula

Pamoja na Sanger katika kliniki hiyo walikuwepo mdogo wake, Ethel Byrne, ambaye naye alikuwa muuguzi, na Fania Mindell, aliyewahudumia wateja kama mkalimani. Walitafuta daktari wa kufanya kazi nao, lakini hakuna aliyethubutu. Mmoja wa wateja waliofika alikuwa askari polisi wa kike aliyevaa kiraia, na ushahidi wake ndio uliotumika mahakamani.

Januari 1917 Ethel Byrne alihukumiwa kifungo cha siku 30. Alitangaza mgomo wa kula na kunywa, na hali yake ikawa mbaya kiasi kwamba wakuu wa gereza waliamuru alishwe kwa nguvu kwa kutumia mpira. Magazeti yalifuatilia afya yake siku hadi siku, mpaka Gavana wa New York alipomsamehe.

Zamu ya Margaret ilipofika, mahakama ilikuwa tayari kumwachia huru kwa sharti la kuahidi kutovunja tena sheria hiyo. Alikataa. Akafungwa siku 30 katika gereza la Queens, ambako aliwafundisha wafungwa wenzake mambo ya afya, na siku ya kutoka akagoma kuchukuliwa alama za vidole.

Alikata rufaa, na hapo ndipo ushindi wa kwanza ulipopatikana. Sheria ya New York ilikuwa na kifungu kilichomruhusu daktari kutoa kinga kwa ajili ya kuzuia au kutibu ugonjwa, kifungu kilichoeleweka kuwa kiliwalenga wanaume wanaojikinga na magonjwa ya zinaa. Mwaka 1918 Jaji Frederick Crane alithibitisha hatia ya Sanger, lakini akatafsiri neno ugonjwa kwa upana zaidi. Kuanzia hapo daktari aliweza kumwandikia mwanamke aliyeolewa njia ya kuzuia mimba kwa sababu za kiafya.

Sanger aliutumia upenyo huo. Mwaka 1921 aliunda chama cha kitaifa cha kutetea uzazi wa mpango, na mwaka 1923 akafungua kliniki jijini New York, safari hii ikiwa chini ya daktari. Mume wake wa pili, mfanyabiashara wa mafuta ya mashine J. Noah Slee, aliyemuoa mwaka 1922, alisaidia kuingiza vifuniko vya mpira kwa magendo kupitia Canada, vikiwa vimefichwa ndani ya makontena ya mafuta yake.

Mwaka 1929 polisi waliivamia kliniki hiyo pia na kuchukua mafaili ya wagonjwa. Walikosea hesabu. Madaktari ambao awali walikaa pembeni walikasirishwa na kitendo cha kuvunja siri za wagonjwa, na kesi ikafutwa.

Pigo kubwa kwa Sheria ya Comstock lilikuja mwaka 1936. Maofisa wa forodha walikuwa wamezuia kifurushi cha vifaa vya kuzuia mimba kilichotumwa kutoka Japan kwa daktari wa kliniki ya Sanger, Hannah Stone. Mahakama ya rufaa iliamua kuwa Serikali haina mamlaka ya kuwazuia madaktari kupokea vifaa halali vya tiba. Mwaka uliofuata, chama cha madaktari wa Marekani kiliutambua uzazi wa mpango kuwa sehemu ya kazi ya udaktari.

Doa lisilofutika

Pamoja na ushujaa wote huo, historia ya Sanger ina upande wa pili ambao haustahili kufichwa.

Katika miaka ya 1920 na 1930 aliunga mkono nadharia iliyodai kuwa binadamu waboreshwe kwa kuwazuia waliohesabiwa kuwa dhaifu wasizae. Aliandika akiunga mkono kufungwa uzazi kwa watu waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili, hata bila ridhaa yao. Mwaka 1926 alihutubia tawi la wanawake la Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi, na yeye mwenyewe alilieleza tukio hilo katika kitabu cha maisha yake.

Mwaka 1930 alifungua kliniki katika mtaa wa Harlem wenye wakazi wengi weusi, na viongozi kadhaa weusi wakaiunga mkono, akiwemo msomi W. E. B. Du Bois. Lakini ushirika wake na watetezi wa nadharia ile ulipanda mbegu ya mashaka ambayo haijang'oka. Maelfu ya Wamarekani, wengi wao maskini, walifungwa uzazi kwa nguvu chini ya sheria za majimbo zilizotokana na fikra hizo.

Mwanamke aliyekwenda jela akidai kuwa kila mama ana haki ya kuamua juu ya mwili wake mwenyewe, alikubali kuwa wapo akina mama wengine ambao uamuzi huo ufanywe na Serikali. Julai 2020, shirika la Planned Parenthood la New York lilitangaza kuliondoa jina lake katika kituo chake cha afya cha Manhattan kwa sababu hiyo.

Kidonge

Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, Sanger alikuwa bado na ndoto moja, dawa ya kumeza ambayo mwanamke angeitumia bila kumtegemea mume wala kifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikutana na mwanasayansi Gregory Pincus, mtafiti wa homoni, kisha akamkutanisha na rafiki yake wa siku nyingi, Katharine McCormick, mjane tajiri aliyesomea baiolojia. Kuanzia mwaka 1953 McCormick alitoa karibu fedha zote za utafiti, ambazo hatimaye zilifikia takriban dola milioni mbili.

Kwa kuwa sheria za Massachusetts, walikokuwa watafiti hao, zilikataza kuzuia mimba, majaribio makubwa yalifanyika Puerto Rico kuanzia mwaka 1956. Wanawake maskini wa huko walipewa vidonge vyenye kiwango cha homoni kikubwa mara nyingi kuliko cha leo, bila kuelezwa kikamilifu kuwa dawa ilikuwa bado katika majaribio. Malalamiko yao ya kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya kichwa hayakupewa uzito uliostahili.

Mwaka 1960 Marekani iliidhinisha kidonge hicho kitumike kuzuia mimba. Juni 1965 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilifuta sheria ya Jimbo la Connecticut iliyowakataza hata wanandoa kutumia njia hizo. Sanger aliishi hadi kuyaona yote mawili. Alifariki dunia Septemba 6, mwaka 1966, mjini Tucson, Arizona, siku chache kabla ya kutimiza miaka 87. Wanawake wasioolewa walisubiri uamuzi mwingine wa mahakama, uliotolewa mwaka 1972.

Kutoka Bombay hadi Dar es Salaam

Mwaka 1952 Sanger alikuwa miongoni mwa walioasisi shirikisho la kimataifa la vyama vya uzazi wa mpango, IPPF, katika mkutano uliofanyika Bombay, India. Aliongoza shirikisho hilo hadi mwaka 1959.

Mwaka huo huo wa 1959 ndipo chama kinachojulikana leo kwa jina la UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, kilipoanza kazi jijini Dar es Salaam. Baadaye kilijiunga na IPPF. Nchini Kenya chama cha aina hiyo kiliundwa mwaka 1962, na mwaka 1967 Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa taifa wa uzazi wa mpango.

Katika zahanati za mijini leo, huduma hizo mara nyingi hutolewa chini ya paa moja na upimaji wa Ukimwi na kaswende, na nchini Tanzania vituo vya Serikali hutoa njia za uzazi wa mpango bila malipo. Hata hivyo, wapo wanawake wanaoogopa kuonekana wakiingia, wanaoficha kadi zao kwa waume zao, na wasichana wanaokutana na macho makali ya muuguzi kabla hawajafungua kinywa. Sheria inaweza kubadilishwa na mahakama kwa siku moja, lakini aibu huchukua muda mrefu zaidi kuondoka.

Nyumba ya Mtaa wa Amboy ilifungwa na polisi, na daftari lenye majina ya wateja likachukuliwa. Wanawake wale 464 walirudi katika vyumba vyao, na majina ya wengi wao hayajulikani tena. Walichokwenda kutafuta kwa senti 10 hakikuwa zaidi ya maelezo ya kweli, kutoka kwa mtu mwenye ujuzi, kisha waachwe waamue wenyewe.